Mteremko wa joto: kwa nini taa ya kizimba cha reptilia hufungwa upande mmoja

Mteremko wa joto ni ile hali ya kizimba kuwa na upande wa moto na upande wa ubaridi, na kati yake joto likishuka taratibu kutoka ncha moja hadi nyingine. Anayefuga kobe, mjusi au nyoka ndani ya nyumba huitengeneza hali hiyo kwa taa: anaifunga juu ya ncha moja tu, na ncha ya pili anaiacha bila chanzo chochote cha joto. Wengi wanaoanza hudhani taa ipo ili kizimba kizima kifike nyuzi fulani na kubaki hapo. Ukiifunga kwa nia hiyo, mnyama anakosa kitu anachokihitaji kuliko joto lenyewe, yaani nafasi ya kuchagua.

Reptilia hawana jiko ndani ya mwili kama tulilonalo sisi. Kobe aliyelala usiku wa baridi huamka na joto lilelile la udongo aliolalia, misuli mizito, na chakula kilichomo tumboni hakisagiki mpaka apate moto kutoka nje. Kwa hiyo joto hulifuata kwa miguu yake, na likizidi hulikimbia kwa miguu hiyohiyo. Dodoma hilo halihitaji kitabu. Pita kwenye majabali asubuhi uone mijusi ya mawe ilivyojibandika juani. Jamii hiyo ina hata spishi iliyopewa jina la mji wetu, Agama dodomae. Rudi saa saba mchana, jiwe ni tupu, wameshaingia nyufani. Kobe wa mawe, yule mwenye gamba bapa linalobonyea, maisha yake ni nyufa hizo. Mlangoni mwa ufa pana moto, na kadiri anavyojisukuma ndani ndivyo panavyopoa, bila yeye kutoka nje hata hatua moja.

Niseme hapa hapa kwamba kobe huyo si wa kufugwa kiholela. Tangu mwaka 2019 yumo katika orodha ya kwanza ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, ile yenye ulinzi mkali zaidi, na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inataka kibali kwa anayetaka kuweka mnyamapori. Ukimkuta jabalini, mwache jabalini. Maelezo haya ni ya mwenye mnyama aliyempata kihalali.

Nyuzi zenyewe hutegemea mnyama. Mjusi mwenye ndevu wa Australia, anayefugwa sana duniani, hutaka jiwe lake la kuotea lifike nyuzi joto 38 hadi 42, huku upande wa ubaridi ukibaki 22 hadi 26. Kobe wetu mkubwa wa gamba la madoa ya manjano na meusi hutosheka na takriban 35 chini ya taa na 25 hivi upande wa pili. Utaona kwamba pengo kati ya ncha mbili ni la nyuzi 10 au zaidi. Pengo hilo ndilo mteremko, na ndilo la kulindwa.

Pengo linahitaji nafasi. Tangi la kioo la sentimita 40 haliwezi kuwa nalo: ukiwasha balbu, ndani ya muda mfupi pote ni moto na mjusi hana pa kukimbilia. Kwa mjusi mwenye ndevu aliyekomaa, kizimba cha sentimita 120 kwa 60 ndicho mwanzo wa kuzungumza. Urefu kutoka balbu hadi chini nao una nguvu kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu ukiongeza umbali mara mbili, mionzi inayomfikia mnyama hupungua hadi karibu robo. Kabla ya kununua balbu kubwa zaidi, shusha au pandisha uliyonayo. Kisha pima, na upime mahali mgongo wa mnyama utakapokuwa. Kobe ana kimo, kwa hiyo kilele cha gamba lake kiko karibu na taa kuliko sakafu uliyopimia, na sakafu yenye nyuzi 35 inaweza kuwa na gamba linaloungua. Washa taa saa kadhaa, pima ncha zote mbili, na mnyama aingie baada ya namba kutulia.

Balbu za LED zinazojaa madukani hazifai kwa kazi hii, kwa kuwa zimetengenezwa zitoe mwanga na joto kidogo iwezekanavyo. Inayotakiwa ni ya waya, ile ya zamani yenye waya unaowaka ndani, au ya halojeni, inayotoa mwanga na joto kwa pamoja kama jua, tena kutoka juu. Joto la kutokea chini, kama yale mawe ya umeme ya kuotea, huunguza tumbo kabla mnyama hajatambua. Kwa kobe tumia balbu ya kutawanya, au mbili za wati ndogo zilizopangwa pamoja, ili mgongo wote upate moto. Balbu moja yenye mwale mwembamba hukausha sehemu moja ya gamba na kuacha miguu baridi.

Balbu nyekundu za wati 250 wanazotumia wafugaji wa kuku ndizo rahisi kupatikana, na najua zinavutia. Kwa kizimba kidogo ni moto uliopita kiasi. Ila kuna jambo la kujifunza kwenye bruda, yaani banda la kulelea vifaranga: mfugaji mzuri huwasoma vifaranga. Wakijirundika chini ya taa wana baridi, wakitawanyika ukutani wamezidiwa na joto. Kobe na mjusi nao husomwa hivyo. Asiyetoka chini ya taa mchana kutwa hapati joto la kutosha. Anayeishi kwenye kona ya mbali anakimbia moto. Mwenye mteremko mzuri hutembea: asubuhi anaota, anakula, anapoa, anarudi.

Holda iwe ya kauri, maana ya plastiki huyeyuka. Taa ining'inie kwa mnyororo, kamwe isining'inie kwa waya wake wa umeme, na iwe na kizuizi cha wavu kama mnyama anaweza kupanda na kuigusa. Thermostati, yaani kifaa cha kudhibiti joto, inayofifisha mwanga taratibu ndiyo inayofaa balbu. Ile ya kuzima na kuwasha huifanya ipepese siku nzima.

Joto si urujuanimno, na wengi huchanganya hapa. Miale ya UVB, aina mojawapo ya urujuanimno, ndiyo inayoiwezesha ngozi kutengeneza vitamini D3, na bila vitamini hiyo kalsiamu haifiki vizuri kwenye mifupa hata uilishe nyingi. Balbu ya joto haitoi UVB. Kioo cha dirisha huizuia karibu yote, kwa hiyo kobe aliye karibu na dirisha anapata mwanga tu. Taa ya UVB ikiwepo iwekwe upande uleule wa moto, maana mnyama anapoota hutarajia vyote viwili kutoka juu, na ibadilishwe hata kama bado inang'aa, kwani UVB huisha kabla ya mwanga. Sisi tuna bahati ya jua la bure. Ua wenye kivuli cha kweli na maji unamfaa kobe mkubwa kuliko kizimba chochote. Ila tangi la kioo lisiwekwe juani hata kidogo. Linaua kwa dakika.

Ugumu wa Dodoma hubadilika na majira. Oktoba na Novemba, chumba cha bati kikipita nyuzi 30 mchana, ncha ya ubaridi hutoweka kabla hujawasha chochote. Siku hizo taa iwashwe asubuhi mapema, izimwe joto la chumba likipanda, na kizimba kihamie chumba chenye dari. Juni na Julai ni kinyume: usiku hushuka hadi 13 au 15. Kobe mkubwa mzima aliye mahali pakavu huvumilia, lakini aliye mchanga au mgonjwa hupata homa ya mapafu, hasa palipo na unyevu. Apewe kipashio cha kauri kisichotoa mwanga, kwa sababu usiku anahitaji giza. Umeme ukikatika, funika kizimba kwa blanketi ukiacha pa kupitisha hewa, na usimlishe tena mpaka taa iwake na apate moto wa kusaga alichokula.