Muungano Usiotamkwa: Kucheza Diplomacy Bila Kuzungumza na Wapinzani

Mchezo wa Diplomacy, uliobuniwa na Mmarekani Allan Calhamer mwaka 1954 na kuchapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1959, unajulikana kama mchezo wa maneno. Wachezaji saba hugawana mataifa makubwa ya Ulaya ya mwaka 1901, hakuna dadu wala karata, na sehemu kubwa ya muda hutumika katika kushawishi, kuahidi na kudanganyana. Ipo hata hivyo namna nyingine ya kuucheza, ambayo ndiyo ninayoishughulikia zaidi, na ambayo wachezaji huiita Gunboat. Humo hakuna anayeruhusiwa kumwandikia mwenzake hata neno moja, kwa kawaida hakuna anayejua nani anaongoza nchi ipi, na kinachoonekana ni amri za vikosi tu. Wageni wa namna hii hudhani kwamba mazungumzo yakiondoka, miungano nayo imeondoka, kwamba kilichobaki ni hesabu ya mashambulizi. Kwa maoni yangu dhana hiyo huwatoa mchezoni watu wengi zaidi kuliko udhaifu wa mbinu.

Muungano haukwepeki kwa sababu hesabu za mchezo wenyewe zinaudai. Urusi huanza na vikosi vinne na nchi nyingine sita huanza na vitatu vitatu, jumla 22, katika ramani yenye vituo vya ugavi 34, yaani maeneo ambayo kila moja humwezesha anayelimiliki kuwa na kikosi kimoja, na anayefikisha vituo 18 ndiye mshindi. Vikosi vyote vina nguvu sawa. Kimoja hakiwezi kukiondoa kingine kilichosimama mahali pake mpaka kiungwe mkono na cha pili, na mwenye vikosi vitatu anayelazimika kulinda mipaka miwili hawezi kwenda popote. Ni lazima upande mmoja utulie ili upande mwingine usonge mbele, na utulivu huo hutegemea jirani aliyeridhia, awe amesema au hakusema.

Kanuni nazo zimeacha mlango wazi. Kikosi changu kinaweza kukiunga mkono kikosi cha nchi yoyote bila mwenyewe kuombwa ridhaa. Amri zote huandikwa kwa siri na kufunuliwa kwa wakati mmoja, na zikishafunuliwa kila mchezaji huzisoma zote, zilizofaulu na zilizoshindwa. Maana yake ni kwamba karatasi ya amri ina wasomaji sita. Mchezaji mzuri wa kimya huandika kila amri akijiuliza maswali mawili kwa pamoja: itanipa nini, na itasomekaje?

Mfano ninaoupenda kuutumia ni wa Uswidi katika mwaka wa kwanza. Katika majira ya kuchipua ya 1901, manowari ya Urusi hutoka St Petersburg na kuingia Ghuba ya Bothnia, na nia yake ya kuichukua Uswidi katika majira ya mapukutiko haifichiki. Wakati huohuo manowari ya Ujerumani hutoka Kiel kwenda Denmark. Sasa Ujerumani ina uamuzi usiogharimu chochote: ikiamuru manowari yake iende Uswidi, itagongana na ya Urusi, zote mbili zitabaki zilipokuwa, Denmark itahesabiwa kuwa ya Ujerumani vilevile, na Urusi itakosa kituo. Ikiamuru isimame, Urusi imepata Uswidi. Kwa kuwa Ujerumani haipotezi kituo kwa njia yoyote kati ya hizo mbili, uamuzi wake ni kauli na si kingine, nao hujibu kauli iliyotangulia, yaani mahali jeshi la Warsaw lilipokwenda katika majira ya kuchipua. Jeshi hilo likienda Ukraine au Galicia, Urusi imetazama kusini na Ujerumani ina sababu ya kuiachia Uswidi. Likienda Silesia au Prussia, Urusi imeukanyaga mpaka wa Ujerumani na itanyimwa Uswidi bila mjadala. Kabla mwaka haujaisha nchi mbili zimeulizana, zimejibiana, na zimejua pa kuanzia mwaka wa 1902.

Kauli nyingine hupitishwa kwa amri ambazo mtoaji anajua huenda zisitimie. Tuseme Uturuki, yenye jeshi Bulgaria, inataka Romania ichukuliwe na Urusi, si na Austria. Inaamuru jeshi la Bulgaria liliunge mkono jeshi la Urusi litoke Ukraine na kuingia Romania. Kama Urusi ilipanga kuingia kwa manowari ya Sevastopol, msaada ule umebatilika, kwa sababu msaada wa kushambulia hauna nguvu mpaka ulingane barabara na amri ya anayesaidiwa, kikosi kilekile na mahali palepale. Hata hivyo Urusi imeusoma. Uturuki ikirudia amri ya aina hiyo mara ya pili, pendekezo limeeleweka na jirani mwenye akili ataandika amri inayoendana nalo. Mimi huwashauri wanaoanza watumie zaidi msaada wa kusimama, yaani kukiunga mkono kikosi cha jirani kibaki mahali kilipo, kwa kuwa hapo hakuna cha kubahatisha isipokuwa kwamba jirani hatahama. Ni kauli fupi, na hata mchezaji mgeni kabisa haikosei.

Ujenzi wa vikosi katika majira ya baridi, pale mwenye vituo vingi kuliko vikosi anapoongeza vikosi vipya, unasomeka kwa urahisi kuliko vyote. Ufaransa ikijenga manowari Brest, Uingereza imeelezwa. Urusi ikijenga manowari katika pwani ya kaskazini ya St Petersburg, Uingereza imeelezwa tena. Italia ikijenga jeshi Venice, Austria haina haja ya kusubiri ufafanuzi. Nashangaa ni wachezaji wangapi wanaochagua kikosi cha kujenga kwa kuangalia faida ya zamu moja tu, kisha wanalalamika kwamba jirani amewashambulia bila sababu, ilhali wao ndio waliotangaza vita wakati wa baridi.

Ukimya pia hubadilisha thamani ya mbinu zinazofahamika. Mpaka wa Austria na Italia una tatizo la pekee, kwa kuwa Trieste na Venice ndivyo vituo viwili pekee vya nyumbani, yaani vya asili tangu mwanzo wa mchezo, vya mataifa tofauti vinavyopakana moja kwa moja katika ramani nzima. Upo ufunguzi wa Austria ambao manowari ya Trieste huamriwa iende Venice, kwa matarajio kwamba itagongana na jeshi la Italia na kubaki palepale Trieste ikiwa mlinzi. Pale watu wanapozungumza, Austria inaweza kueleza kwamba ni tahadhari na si uadui. Katika kimya Italia inaona manowari imejaribu kuingia nyumbani kwake, na ikiwa jeshi lake lilikuwa limetoka Venice kwa nia njema, basi manowari hiyo imeingia kweli. Ndiyo maana, nikiwa na Austria katika mchezo wa kimya, huiondoa manowari kwenda Albania na kulileta jeshi la Vienna liilinde Trieste. Trieste inabaki na mlinzi, Italia haijaguswa, na yeyote anayesoma amri hizo anaona kwamba macho yangu yako Balkani.

Kwa mantiki hiyohiyo, migongano si uadui siku zote. Urusi na Uturuki zinapoamuru manowari za Sevastopol na Ankara kuingia Bahari Nyeusi kwa pamoja, hakuna inayoingia, na bahari inabaki tupu bila pande hizo kuwahi kukubaliana. Zikirudia hivyo kwa msimu wa pili, kila upande umejua kwamba mwenzake anataka usalama kuliko ushindi wa haraka, jambo ambalo ni mwanzo mzuri wa ujirani. Anayeacha kuingia Bahari Nyeusi ili kuonyesha imani, kwa upande wake, amejiweka pabaya mno, kwa sababu manowari ya Urusi ikishaingia humo inaitishia Ankara na Constantinople kwa pamoja. Ishara ya urafiki haipaswi kuhatarisha nyumba yako, na jirani makini hakutarajii ufanye hivyo.

Watafiti wa akili bandia waliuvamia mchezo huu wa kimya kwa sababu unaondoa ugumu wa lugha na kubakiza ugumu wa ushirikiano. Mwaka 2019 ulitoka mfumo uitwao DipNet, uliofunzwa kwa kutumia zaidi ya michezo 150,000 iliyochezwa na binadamu. Lililonivutia zaidi lilitokea mwaka 2021, pale watafiti walipofunza programu kwa kuiachia icheze na nafsi yake tangu mwanzo, bila kuiona hata amri moja ya binadamu. Katika toleo dogo la nchi mbili ilikuwa hodari kupita binadamu, lakini ilipowekwa peke yake katika ramani ya nchi saba miongoni mwa programu zilizojifunza kwa watu, ilifanya vibaya, kwa kuwa ilikuwa imejitungia desturi zake yenyewe ambazo wengine mezani hawakuzishiriki. Diplodocus, iliyotoka mwaka 2022, ilifundishwa isijitenge mno na namna watu wanavyocheza, na katika mashindano ya michezo 200 yenye washiriki binadamu 62 matoleo yake mawili yalipata wastani wa alama wa juu kuliko mshiriki yeyote aliyecheza zaidi ya michezo miwili. Tofauti kati ya programu hizi ndiyo tofauti ninayoiona kati ya wachezaji. Amri iliyo bora kwenye karatasi, ikiwa hakuna anayeielewa, inakuacha peke yako, na aliye peke yake ana vikosi vitatu na mipaka miwili.

Usaliti nao una sura yake. Hakuna uongo wa kusema, kwa hiyo kabla ya usaliti kuna ukaribu tu: kikosi kimesogea mahali ambapo hakina kazi isipokuwa kukushambulia. Mchezaji wa kimya anapaswa kujibu ukaribu huo mara moja kwa kujifunika, bila kulipiza, na kusubiri msimu mmoja. Aliyesogea kwa bahati mbaya atarudi nyuma. Asiyerudi ametoa jibu. Kulipiza papo hapo huharibu ujirani ambao pengine ulikuwa salama, na hakuna nafasi ya kuomba radhi isipokuwa kwa kurudisha vikosi nyuma, jambo linalogharimu mwaka mzima wa mchezo.

Mtihani mgumu zaidi huja mwishoni, pale nchi moja inapokaribia vituo 18 na wengine waliokuwa wakipigana wanalazimika kuizuia pamoja. Chukulia kwamba Uturuki imefika 15 na manowari zake ziko Mediterania ya Magharibi na Afrika Kaskazini, zikiikabili manowari ya Ufaransa iliyoko Atlantiki ya Kati. Uingereza, ambayo jana ilikuwa vitani na Ufaransa, ina manowari katika Mlango-Bahari wa Uingereza. Uturuki inashambulia kwa nguvu ya mbili, yaani manowari moja ikiungwa mkono na nyingine. Manowari ya Ufaransa ikisimama na kuungwa mkono na ya Uingereza ina nguvu ya mbili, na nguvu zikilingana aliyepo habanduki. Zaidi ya hayo, manowari ya Uingereza ipo nyuma ya ngome, mahali ambapo Uturuki haiwezi kuifikia ili kuukata msaada wake bila kwanza kuivuka Atlantiki ya Kati. Mpango huo unaweza kudumu miaka yote.

Unavunjwa na jambo moja tu, nalo ni ujanja wa Ufaransa yenyewe. Ikiamua msimu mmoja kujaribu kuingia Mediterania ya Magharibi, manowari yake imehesabiwa kuwa imeamriwa kusafiri, msaada wa kusimama ulioandikwa na Uingereza umebatilika, na mwendo ukishindwa manowari hiyo ina nguvu ya moja dhidi ya mbili. Itaondolewa, Uturuki itaingia Atlantiki ya Kati, na Uingereza iliyoandika amri sahihi itaadhibiwa pamoja na aliyekosea. Katika mstari wa ulinzi wa namna hii kazi ya mchezaji wa mbele ni kutofanya chochote, msimu baada ya msimu, ili wa nyuma ajue cha kuunga mkono. Ninaposimamia wanaojifunza, hili ndilo linalochukua muda mrefu kuliko yote, kwa sababu mtu aliyezoea kutafuta hatua bora huona kusimama kama uzembe.

Uingereza nayo ina wajibu wake. Inapaswa kuuandika msaada huo hata pale ambapo Brest iko wazi na hakuna wa kuizuia isiichukue, na inapaswa kuziondoa manowari nyingine katika fukwe za Ufaransa mapema, ili Ufaransa isipate sababu ya kurudi kulinda nyumbani. Katika michezo inayoruhusu kila mmoja kuiona kura ya sare, nchi zinazozuia huipiga kura hiyo mara tu mstari unapokamilika na kuiacha ikiwa imepigwa, zamu baada ya zamu, hata kama aliye mbele anaendelea kukataa. Kura inayoondolewa ghafla husomwa na wote, na kwa kawaida ndani ya msimu huo kuna kikosi kilichohama mahali pake.