Tarehe Yako ya Kuzaliwa Ilitoka Wapi?

Nikipewa orodha ya watu na tarehe zao za kuzaliwa, kitu cha kwanza ninachotazama ni tarehe 1 Januari. Watoto hawazaliwi kwa wingi wa ajabu siku ya Mwaka Mpya. Kinachofanya kazi siku hiyo ni kalamu ya karani: mtu akiujua mwaka tu, au akikisiwa mwaka, fomu bado inadai siku na mwezi, basi hujazwa siku ya kwanza ya mwezi wa kwanza na mambo yakaendelea. Vijana wengi wa Sudan Kusini waliopitia kambi ya wakimbizi ya Kakuma na kupelekwa Marekani kuanzia mwaka 2000 walifika huko wakiwa na tarehe hiyohiyo moja. Kila mwaka wanaimbiwa pamoja.

Kazi yangu hapa Nairobi ni takwimu za watu, hasa umri, na umri ndio kipengele cha sensa kinachonipa shughuli kuliko vyote. Tumezoea kuiona siku ya kuzaliwa kama jambo ambalo mtu huja nalo duniani. Kumbe ili uwe na tarehe, lazima awepo mtu aliyeitunza, na awe anafuata kalenda fulani. Hata Jomo Kenyatta, rais wetu wa kwanza, hakuna anayeijua siku aliyozaliwa. Wanahistoria huishia kusema ni miaka ya 1890.

Si kwamba wazee wetu hawakujali. Walitunza kingine. Waluo walishika saa na hali ya hewa: Otieno ni wa usiku, Ochieng' wa jua la mchana, Okoth wa mvua. Wakalenjin nao wana Kipkoech wa alfajiri na Kiprop wa mvua, na Wakamba wana Mutuku wa usiku. Pwani, Juma na Mwanakhamisi wamebeba siku ya wiki. Kwa hiyo nyanya yako anaweza kukwambia bila kusita kwamba alizaliwa usiku wa mvua kubwa, lakini mwaka akakukadiria tu. Karani wa sensa huuliza swali ambalo jamii haikuwahi kulihifadhi, halafu taarifa iliyohifadhiwa vizuri haina mahali pa kuandikwa kwenye fomu. Jambo hili hunikera mpaka leo.

Wakati mwingine taarifa hizo mbili hugongana. Waakan wa Ghana humpa mtoto jina la siku aliyozaliwa: Kofi ni wa Ijumaa, Kwame ni wa Jumamosi. Kofi Annan alizaliwa 8 Aprili 1938, na ukirudisha kalenda nyuma unakuta kweli ilikuwa Ijumaa. Kwame Nkrumah, kwa upande wake, aliandikiwa na padri 21 Septemba 1909, lakini siku hiyo ilikuwa Jumanne. Nkrumah mwenyewe aliona kwamba huenda alizaliwa Jumamosi ya tarehe 18. Mimi ningemwamini mama aliyejua ni Jumamosi kabla ya daftari. Hata hivyo, Ghana huadhimisha tarehe 21.

Pale tarehe isipojulikana, watu hutaja umri unaoishia na sifuri au tano. Mwenye 38 husema 40, mwenye 63 husema 65. Tuna kipimo cha kuonyesha mrundikano huo, kinaitwa kipimo cha Whipple, kutokana na Mmarekani George Chandler Whipple. Tunachukua watu wa miaka 23 hadi 62 na kutazama wangapi wametaja umri wa namna hiyo. Matokeo yakiwa 100, hakuna upendeleo. Yakifika 500, kila mtu ametaja umri unaoishia na sifuri au tano.

Na hata ukiwa na tarehe kamili, kalenda nayo ina neno lake. Mwaka wa Kiislamu una siku kama 354, hivyo aliyetimiza miaka 33 kwa jua ametimiza takribani 34 kwa mwezi. Ndiyo maana Maulidi ya Lamu, yanayofanyika Mfungo Sita, huzunguka misimu yote: mara yanaangukia kiangazi, mara masika. Majirani zetu wa Ethiopia wana miezi 13, na ule wa mwisho, Pagume, una siku tano tu, au sita kila baada ya miaka minne. Aliyezaliwa Pagume 6 anasubiri sawa na wetu wa 29 Februari.

Korea Kusini ndiyo inayonivutia zaidi. Kwa desturi yao ya zamani, mtoto huzaliwa akiwa na mwaka mmoja, na watu wote huongeza mwaka siku moja, 1 Januari. Aliyezaliwa 31 Desemba aliamka kesho yake ana miaka miwili! Sheria ya kuhesabu umri kwa siku ya kuzaliwa ilianza kutumika rasmi 28 Juni 2023, na Wakorea wengi wakawa wadogo kwa mwaka mmoja au miwili kwenye karatasi. Lakini sherehe yao kubwa ya utotoni haijatikisika. Mtoto akitimiza mwaka wa kwanza huwekwa mbele ya vitu kadhaa, wazazi na wageni wakitazama atashika nini. Akishika uzi, wanamtakia maisha marefu. Akishika kalamu au kitabu, atakuwa msomi. Akishika pesa, hatapungukiwa. Zamani watoto wengi hawakufika umri huo, na ndiyo maana mwaka wa kwanza ulistahili karamu kuliko wa kumi.

Kwingineko nitapita haraka. Uholanzi, usimpongeze mwenye siku peke yake. Wapongeze na wazazi, ndugu na mchumba wake pia. Ujerumani, kumtakia mtu heri kabla ya siku yenyewe huonwa kuwa mkosi, japo ni huko ambako keki ya mtoto yenye mishumaa ilishika mizizi katika karne ya 18. Mfalme Charles III wa Uingereza alizaliwa 14 Novemba 1948, lakini gwaride lake la siku ya kuzaliwa hufanyika Juni, kunapokuwa na jua. Sisi Nairobi tunalishana keki kwa mkono, kisha tunamwagiana maji. Kulishana nakupenda sana. Maji, baridi ya Julai ikiwa imepamba moto, tumhurumie mwenzetu.

Swali ninaloulizwa sana ni hili: katika matatu ya abiria 33, kuna uwezekano gani wawili wawe wamezaliwa tarehe moja? Ni kama asilimia 77. Watu 23 wanatosha kuvuka nusu, kwa sababu hatuhesabu watu, tunahesabu jozi, na watu 23 wana jozi 253. Hesabu hiyo inachukulia kuwa siku zote ni sawa. Wakiwemo wazee wa 1 Januari, uwezekano unapanda zaidi.

Kama unataka kujua umri wa babu au nyanya, usimuulize mwaka. Muulize ni nani katika ukoo alizaliwa kabla yake na nani baada yake, kisha mtajie matukio: hali ya hatari iliyotangazwa Oktoba 1952, mafuriko ya 1961, Uhuru wa 12 Desemba 1963, kifo cha Kenyatta 22 Agosti 1978, jaribio la mapinduzi la 1 Agosti 1982. Muulize wakati huo alikuwa anatambaa, anachunga au ameshaolewa. Akiwa mtu wa Turkana au Marsabit, mtajie siku jua lilipopatwa kabisa, 30 Juni 1973, Loiyangalani ikaingia giza mchana. Siku kama hiyo mtu haisahau, na ukijua alikuwa na ukubwa gani wakati huo, unabaki na kutoa tu.