Uzamivu ng'ambo bila mfadhili

Miongoni mwa wahitimu wa Kigoma, hasa wa uvuvi na wanyamapori, kuna imani ya siku nyingi kwamba shahada ya uzamivu (PhD) ng'ambo haipatikani bila mfadhili au mtu wa kukushika mkono wizarani. Si kweli. Uholanzi na Sweden, nafasi nyingi za uzamivu ni ajira: zinatangazwa, unaomba, unasailiwa, unalipwa mshahara, kwa kawaida miaka minne. Ujerumani nako mkataba mara nyingi hulipa nusu hadi robo tatu ya mshahara kamili, ingawa kazi ni ya kutwa. Uliza asilimia kabla ya kusaini.

Matangazo yako kwenye EURAXESS, tovuti ya Ulaya ya nafasi za watafiti, na kwenye tovuti za taasisi zenyewe, kama zile za utafiti za Max Planck za Ujerumani. Mitandao ya uzamivu ya Marie Skłodowska-Curie, inayogharamiwa na Umoja wa Ulaya, hupokea uraia wowote, ila usiwe umeishi nchi unayoomba zaidi ya miezi 12 katika 36 iliyopita. Aliyeko Ujiji muda wote huo hana wasiwasi.

Wengi huangushwa na barua moja inayotumwa kwa maprofesa hamsini. Soma makala mbili za maabara husika, kisha andika aya moja inayoonyesha ujuzi wako unaingia wapi: kama umepima dagaa na migebuka mwaloni Kibirizi, taja mbinu, idadi ya sampuli na programu uliyochambulia. Wadhamini, yaani wanaokuandikia barua za mapendekezo, waarifiwe wiki nne mapema. Mara nyingi mfumo wa maombi huwaandikia wao moja kwa moja, na wakichelewa ombi hubaki pungufu. Jina la kwenye cheti lifanane na la pasipoti.