Sikiliza Kimya Kwanza: Kuweka AGC kwenye Chipu Ndogo ya Maikrofoni

Msimu wa mvua uliopita niliitwa kwenye senta moja ya biashara nje kidogo ya Mbale. Huko tangazo la kikao cha LC (baraza la mtaa), la chanjo au la mtoto aliyepotea husomwa ndani ya kibanda cha mabati, na mtaa mzima hulisikia kupitia spika za honi zilizofungwa juu ya mlingoti, zile ambazo wengi wetu nchini Uganda huziita bizindaalo. Msomaji alipozungumza, sauti ilitoka safi. Lakini kila alipotua kuvuta pumzi, kishindo cha mvua kilipanda hadi kikajaza mtaa, na akikawia kidogo spika zilianza kupiga mluzi. Maikrofoni ilikuwa imeshabadilishwa mara mbili bila mafanikio, kwa sababu kasoro ilikuwa katika mpangilio wa AGC, yaani udhibiti wa ukuzaji unaojiendesha wenyewe.

Wazo lenyewe ni la zamani: Harold Wheeler wa Marekani alibuni udhibiti wa namna hii kwa ajili ya redio mwaka 1925. Saketi hupima sauti inayotoka, huilinganisha na kizingiti kilichowekwa, na ikizidi hushusha ukuzaji. Sauti ikipungua, ukuzaji hurudi juu polepole. Hapo ndipo ulipo mtego, kwa kuwa saketi haitambui kilicho maneno na kilicho mvua. Msomaji akinyamaza, kwake hiyo ni sauti dhaifu inayohitaji msaada, na hivyo ukuzaji hufikia kilele chake wakati wa kimya.

Kifaa kilichotumika pale ni MAX9814, chipu ya pini 14 yenye upana wa milimita 3 kwa 3, ambayo naipenda kwa kazi za namna hii. Ndani yake mna hatua tatu: ya kwanza hukuza kwa desibeli 12 (desibeli ni kipimo cha ukuzaji), ya pili hubadilika kati ya 20 na 0, na ya mwisho huchaguliwa iwe 8, 18 au 28. Jumla ya juu kabisa, basi, ni 40, 50 au 60. Pini ya ukuzaji ikiungwa na umeme chanya unapata 40, ikiungwa na ardhi (upande hasi wa umeme) unapata 50, na ikiachwa wazi unapata 60. Fundi asiyeiunga pini hii hudhani hajachagua kitu, kumbe amechagua ukuzaji wa mara 1,000, ambao ni mara 10 ya ule wa desibeli 40. Lehemu iliyoachia kwenye pini hiyo huleta matokeo yaleyale, na pale Mbale ndivyo ilivyokuwa.

Kumbuka pia kwamba AGC inaweza kushusha desibeli 20 tu. Mtu akipiga kelele karibu sana na maikrofoni na kuvuka kiasi hicho, sauti itakwaruza, hata kizingiti kiwe kimewekwa kwa uangalifu namna gani.

Suala la muda ndilo linalohitaji subira zaidi. Muda wa kushusha huamuliwa na kapasita moja (kijenzi kinachohifadhi chaji ya umeme): zidisha thamani yake kwa 2,400, na nanofaradi 470 zitakupa takriban milisekunde 1.1. Muda wa kurejesha hauna kapasita yake. Ni uwiano wa kushusha kwa kurejesha, unaochaguliwa kwa pini nyingine, yaani 1:500 ikiungwa na ardhi, 1:2000 ikiungwa na umeme chanya, na 1:4000 ikiachwa wazi. Kwa kapasita hiyo, urejeshaji huchukua zaidi kidogo ya nusu sekunde, au sekunde 2.2, au sekunde 4.5. Ukibadilisha kapasita unasogeza nyakati zote mbili kwa pamoja, jambo ambalo wengi hulisahau. Nusu sekunde ni fupi mno kwa tangazo, kwa sababu mvua hupenya katikati ya sentensi, sekunde 4.5 nazo zina gharama, kwani kikohozi kimoja huzamisha maneno yanayofuata. Mimi nilichagua 1:2000, kisha nikaunga pini ya ukuzaji na umeme chanya ili ibaki desibeli 40, na kumwomba msomaji asogeze mdomo karibu na maikrofoni. Ombi hilo lilisaidia kuliko marekebisho mengi ya kapasita, maana sauti ya mdomo iliongezeka huku mvua ikibaki palepale.

Kizingiti huwekwa kwa rezista mbili (vijenzi vinavyopunguza mkondo wa umeme) zinazogawa volti za pini inayolisha maikrofoni. Ukiunga pini ya kizingiti moja kwa moja na pini hiyo, AGC huzimika. Fanya hivyo bila kusita ikiwa unatengeneza kifaa cha kupima kiwango cha kelele barabarani, kwa kuwa AGC ikiwaka, bodaboda moja na lori zima vinaweza kusomeka karibu sawa.

Kabla ya kuondoka niliwasha bizindaalo, nikamwomba kila mtu kibandani anyamaze, nikahesabu hadi kumi, muda unaotosha ukuzaji kufika juu kabisa. Mvua ilikuwa bado inanyesha. Mluzi haukusikika, na hapo ndipo nilipomkabidhi msomaji karatasi yake ya matangazo.