Je, wajua kwa nini tangazo hupata laiki elfu na lisiuze hata keki moja?

Chukua mama anayeoka keki Tabata, Dar es Salaam. Ijumaa jioni kapiga picha keki ya harusi ya ngazi tatu, nyeupe, imezungushiwa waridi, akaiweka kwenye ukurasa wake wa Facebook na maneno "Karibuni wapendwa, bei inbox." Akaamua kuilipia: shilingi 20,000 kwa siku nne. Simu ilipomuuliza anataka nini, akachagua watu waipende na kukomenti. Jumanne anafungua: laiki zimepita elfu, "hongera dada" zimejaa, mmoja anauliza bei yuko Mwanza, mwingine yuko Mombasa. Oda hakuna.

Wengi wakifikia hapo husema matangazo ya mtandaoni ni ya wenye hela. Mimi sikubali, na huniuma kuona mtu mwenye mikono mizuri namna ile anakata tamaa, kwa sababu mashine ya Facebook haikumwibia. Imemletea kilekile alichoagiza.

Kila mtu anapofungua simu na kuanza kuteremsha posti, nafasi ya tangazo inayomjia hupigwa mnada palepale, kabla hata picha haijafunguka. Keki yetu inashindana na benki, kampuni za simu na duka la viatu, wote wanamtaka mtu yuleyule kwa sekunde ileile. Tofauti na mnada wa kawaida, hapa mwenye dau kubwa si lazima ashinde.

Zamani alishinda. Mwaka 1998 kampuni ya Marekani iitwayo GoTo.com ilianza kuuza nafasi kwenye matokeo ya utafutaji kwa mtindo huo: ukitaja dau kubwa, unakaa juu. Lakini malipo yalikuwa kwa kila anayebofya, na tangazo la tajiri lisilobofywa na mtu linakalia nafasi bila kuingiza kitu. Mwaka 2002 Google ikaanza kuzidisha dau kwa uwezekano wa tangazo kubofywa. Facebook na Instagram nazo hupima hivyo: dau, mara uwezekano wa mtu huyu kufanya tendo ulilolitaka, kisha wanaongeza alama za ubora wa tangazo lenyewe.

Tupige hesabu, tukiacha alama za ubora pembeni. Kampuni kubwa iko tayari kutoa hadi shilingi 1,000 kwa kila mtu atakayebofya, lakini tangazo lake ni la jumla mno, katika watu 200 anabofya mmoja. 1,000 gawanya kwa 200 ni shilingi 5 kwa kila anayeliona. Mama keki anatoa hadi 400 tu, ila tangazo lake limewafikia watu wa mtaani kwao wanaotafuta keki, na katika watu 100 wanabofya wanne. 400 mara 4, gawanya kwa 100, ni 16. Mama keki kashinda kampuni. Tena halipi ile 400 yote: anatozwa kiasi cha kumpita aliyemfuata, ambacho hapa ni kama shilingi 125 kwa anayebofya (125 mara 4, gawanya kwa 100, ni ile 5 ya kampuni). Wazo hilo la mshindi kulipa kwa kipimo cha dau la aliyemfuata lilichambuliwa na mchumi William Vickrey mwaka 1961, na kazi yake juu ya minada ilichangia kumpa Nobeli ya uchumi mwaka 1996. Alifariki siku tatu baada ya kutangazwa.

Kwa kawaida wewe huandiki dau lolote. Unaweka bajeti, mashine inakupigia dau. Kwa hiyo silaha uliyobaki nayo ni ule uwezekano, na ndipo lile swali la "unataka nini" linapouma. Mashine inawajua watumiaji kwa tabia zao: huyu ni mtu wa kulaiki kila kitu, yule huandikia maduka meseji. Ukiomba laiki, unapelekewa wagawaji wa laiki, na mgawaji wa laiki si lazima awe mnunuzi. Anayeuza kwa WhatsApp achague lengo la meseji. Laiki zitapungua, na asishtuke.

Kisha "bei inbox". Najua sababu: washindani wasione, na mteja akishaingia inbox utambembeleza. Lakini mteja anayesoma maneno hayo huwaza kwamba atapangiwa bei kwa kuangaliwa sura ya profaili yake, anapita. Andika "Keki ya kilo moja 35,000, unaletewa Tabata, Segerea na Buguruni, toa oda siku mbili kabla." Asiye na 35,000 hatakusumbua, na atakayekuandikia ameshakubali nusu ya safari. Picha nayo iwe ya keki ya kilo moja ambayo mtu anaiagiza kwa birthday ya mtoto wiki hii. Ile ya ngazi tatu ni ya kupendwa tu, harusi haziko kila Jumamosi nyumbani kwa mtu.

Eneo pia. Ukiacha Tanzania nzima, hela yako inatembea hadi Mwanza, na keki ya krimu haisafirishwi kwa basi. Kwenye ramani ya tangazo weka pini dukani kwako, chora duara la mahali bodaboda inafika kwa nauli isiyomtisha mteja.

Jambo moja ambalo wengi hawaambiwi: tangazo jipya lina kipindi cha kujifunza. Meta, wenye Facebook na Instagram, wanasema mfumo wao hutulia baada ya kupata kama matendo 50 ya yale uliyoyaomba ndani ya wiki. Ukigawa 20,000 kwenye matangazo matano, kila moja linakosa matendo ya kutosha, na ukibadilisha picha kila asubuhi, unauanzisha mfumo upya bila kufika popote. Bajeti ndogo, tangazo moja, liache lifanye kazi.

Halafu daftari. Kila anayeandika, muulize katuona wapi, uandike. Tuseme 20,000 imeleta meseji 25, na kati ya hizo oda nne. Kila oda imekugharimu 5,000. Kama keki ya kilo moja inakuachia faida ya 12,000, ongeza siku. Kama inakuachia 4,000, lizime leo, upige picha nyingine.