Hita ya nje ya tangi la samaki haizidishi joto

Wapo wanaoamini kwamba hita inayofungwa kwenye mpira wa chujio, nje ya tangi, hupasha maji haraka na kula umeme kidogo, eti kwa kuwa maji yote hupita ndani yake. Sivyo. Wati 200 ni wati 200, hita iwe ndani au nje. Kupandisha lita 100 kwa nyuzi 1 ya Selsiasi huhitaji jouli zipatazo 419,000, yaani takriban dakika 35 kwa hita ya wati 200, bila kuhesabu joto linalopotea. Ikiwa nje, tena, sehemu ndogo ya joto lake hupotea hewani.

Faida yake ni nyingine: tangi linabaki wazi, samaki hawaigusi, na joto husambaa vizuri pamoja na maji yanayorudi.

Ifunge kwenye mpira wa kurudisha maji, baada ya chujio. Ukiifunga upande wa kuvuta, uchafu utaingia ndani yake, na kiungo kilicholegea kitavuta hewa. Iweke wima, mapovu yapande na kutoka.

Jambo ambalo wengi hulisahau ni mtiririko. Thamostati (kifaa kinachowasha na kuzima hita kulingana na joto) ya hita nyingi za aina hii hupima maji yaliyomo ndani ya hita yenyewe. Chujio likiziba au pampu ikisimama, maji hayo machache hupata moto, hita hujizima ikidhani kazi imekwisha, huku tangi likipoa. Kwa hiyo weka kipimajoto ndani ya tangi; usiamini namba ya kwenye hita.