Kombora la begani huona nini angani?

Asubuhi ya tarehe 28 Novemba 2002, makombora mawili ya Strela-2, aina ambayo mtu mmoja huirusha akiwa ameibeba begani, yalirushwa karibu na uwanja wa ndege wa Moi hapa Mombasa yakiilenga Boeing 757 ya shirika la Arkia iliyokuwa inapaa kwenda Tel Aviv. Ndani mlikuwa na watu 271. Yote mawili yalikosa, ndege ikaendelea na safari yake. Asubuhi hiyohiyo hoteli ya Paradise kule Kikambala ililipuliwa, na wengi wa waliouawa walikuwa Wakenya wenzetu. Tangu siku ile, makombora haya yakitajwa hapa Mombasa, mtu atakwambia kuwa hayakosi. Si kweli, na kazi yangu ya usalama wa anga inanitaka niliseme hilo waziwazi. Historia yote ya silaha hii ni historia ya jicho lake, na jicho la Strela-2 lilikuwa dhaifu.

Jicho hilo hutafuta joto. Ndani ya pua ya kombora mna kipande kidogo cha salfidi ya madini ya risasi. Kisipopoozwa, kipande hiki huhisi vizuri miale ya infraredi, yaani miale ya joto isiyoonekana kwa macho, yenye urefu wa mawimbi wa mikromita 2 hivi, na miale ya namna hiyo hutoka kwa wingi kwenye chuma kilichopata moto sana: bomba la ekzosi la injini ya jeti. Ukiitazama ndege kwa mbele, bomba halionekani. Kwa hiyo makombora ya begani ya kwanza, Redeye ya Marekani na Strela-2 ya Wasovieti, zote za miaka ya 1960, zilikuwa silaha za kuifukuza ndege iliyokwisha kupita, mara nyingi ikiwa imeshamaliza kudondosha mabomu yake.

Mbele ya kipande hicho, yaani kihisi, huzunguka kisahani chenye mistari, mmoja unapitisha mwanga, wa pili unauziba. Doa dogo la joto likipita hapo hukatwakatwa, likatoa mapigo ya umeme. Wingu pana lililopigwa na jua hufunika mistari mingi kwa pamoja, kwa hiyo mapigo yake ni hafifu, na saketi hulipuuza. Kutokana na mapangilio ya mapigo, kombora hujua shabaha imeegemea upande gani. Ni ubunifu mzuri ajabu kwa enzi isiyokuwa na kompyuta ndogo, na mizizi yake iko kwenye Sidewinder, kombora la ndege za kivita ambalo timu ya William McLean iliunda huko China Lake, California. Udhaifu wake ni kwamba jua lenyewe nalo ni doa dogo la moto.

Kombora halifuati mkia wa ndege kama wengi wanavyodhani. Mtu wa Kilindini ataelewa upesi: ukiwa kwenye feri ya Likoni ukaona meli inakuja, na upande unaoiona haubadiliki huku inazidi kuwa kubwa, mtagongana. Kombora hujitahidi kuifanya hali hiyo itokee. Kila pembe ya kuitazama shabaha inapobadilika, hupinda hadi pembe itulie. Rubani akikata kona kali, hesabu yote huanza upya, na mafuta ya roketi yanaisha baada ya sekunde chache tu.

Kichwa cha mlipuko cha Strela-2 kina uzito wa kilo 1.15 tu, na hulipuka kikigusa. Basi ndege nyingi zilizopigwa hazikuanguka. Baada ya vita vya 1973, Waisraeli walirefusha bomba la ekzosi la ndege zao za Skyhawk ili mlipuko utokee nyuma zaidi, mbali na injini na usukani wa mkia. Kipande cha bomba, basi, kikaokoa ndege nzima. Novemba 2003, Airbus A300 ya mizigo ilipigwa na kombora la begani kwenye bawa la kushoto ilipopaa kutoka Baghdad. Ilipoteza mifumo yote mitatu ya haidroliki, na marubani wakairudisha chini kwa kuongeza na kupunguza nguvu za injini tu. Lakini Strela-2, pamoja na udogo wake, ndiyo iliyoziangusha ndege mbili za abiria aina ya Viscount za Air Rhodesia, mwaka 1978 na 1979, kwa sababu ndege ya abiria haikuundwa kupigwa.

Mabadiliko makubwa yaliletwa na baridi. Strela-3 ya miaka ya 1970 ilipoozwa kwa naitrojeni, na Stinger, iliyoingia jeshini 1981, kwa gesi ya agoni. Kihisi kilichopozwa huona mawimbi marefu zaidi, hadi moshi wa moto unaotoka injini, hivyo kombora likaweza kurushwa ndege ikiwa bado inakuja. Stinger ilipofika Afghanistan mwaka 1986, helikopta za Kisovieti zilifungiwa vifaa vya kuchanganya moshi na hewa baridi na zikazidisha kurusha vyambo vya moto, yaani fataki kali za kulidanganya kombora.

Chambo cha moto hung'aa kuliko injini, na jicho la zamani hukimbilia king'aacho. Watengenezaji wakajibu kwa macho ya rangi mbili: Stinger za baadaye hutazama infraredi pamoja na urujuanimno (miale ya ultraviolet). Kombora la Type 91 la Japani likaongeza uwezo wa kutazama umbo. Kwa upande wa ndege, siku hizi mashirika ya Israeli hubeba chini ya tumbo kifaa cha leza kinacholichanganya jicho la kombora. Ni ghali mno, na sioni mashirika yetu yakikimudu.

Kinachotulinda sisi zaidi ni ulinzi wa maghala ya silaha, ili makombora haya yasiibwe. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa walieleza mwaka 2003 kwamba makombora ya Mombasa yalipitia Somalia. Mwaka 2007 ndege ya mizigo ya Il-76 iliangushwa kwa kombora ikipaa kutoka Mogadishu, wakafa wote 11. Libya ilipovurugika 2011, ilikadiriwa kuwa makombora 20,000 hivi yalikuwa kwenye maghala yake. Betri na gesi ya kupoza huharibika kwa miaka, lakini baruti hudumu, kwa hiyo bomba la kijani la kurushia kombora lililotelekezwa si chuma chakavu cha kuuza kwa kilo. Nchi za Mapatano ya Wassenaar, yanayodhibiti uuzaji wa silaha nje, zilikubaliana kuyauza kwa serikali tu, kuweka kombora na kishikio cha kurushia katika maghala tofauti, na kuyahesabu moja moja kwa namba zake kila mwezi.